Gari Lililogoma Langoni

Jumatano asubuhi Lornah Akinyi aliliingiza gari lake katika uwanja wa mafundi nyuma ya soko la Kibuye, akalizima, akashuka, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Naswa," alisema, "hii gari inataka kunimaliza."

Elsie Naswa hakushtuka. Miaka sita ya kutengeneza umeme wa magari Kisumu ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna gari linaloletwa likiwa na ugonjwa wake tu. Huletwa na hadithi, na mara nyingi hadithi ndiyo iliyotunzwa vizuri kuliko gari. Mmoja atakuambia taa zake huzimika akipita mbele ya kanisa fulani. Mwingine atakuambia honi hulia yenyewe mkewe akinuna. Fundi husikiliza, hutikisa kichwa, kisha huchukua mita yake akaenda kupima fyuzi.

Ila hadithi hii ilimhusu mtu aliyemjua. Gari lilikuwa la Owiti, marehemu mume wa Lornah, na Owiti ndiye aliyemfundisha Elsie kazi katika uwanja huo huo. Alifariki mwezi wa nne, kwa presha, akiwa amelala chini ya lori la mteja, na mwenye lori alingoja karibu robo saa akidhani fundi anafikiri. Gari lake, stesheni wagoni nyeupe, lilibaki kwa mjane, ambaye tangu zamani ndiye aliyelitumia kubeba samaki: mbuta na ngege kutoka Usenge, omena kutoka Luanda Kotieno. Watoto watatu walikuwa wakisoma kwa gari lile. Bila gari Lornah hakuwa na biashara, kwa maana samaki hangojei mtu.

"Imefanya nini?" Elsie aliuliza.

"Imekataa kuingia nyumbani. Mara tatu."

Nyumbani ni kushoto mwa barabara inayotoka Bondo kwenda Usenge, boma la marehemu baba yake Owiti, ambamo sasa aliishi mama mzee na Joram, mdogo wake Owiti. Tangu mazishi Lornah alikuwa ameitwa huko mara tatu, na mara zote tatu gari lilifika langoni likagoma.

"Ikishaingiza mguu ya mbele tu, dashi inakufa," alisema. "Mishale yote inaanguka chini. Taa zinawaka, hata zingine sijawahi kuona tangu tununue. Inazima, haiwaki tena. Tukiisukuma nyuma mpaka barabarani, inawaka vizuri, haina neno na mtu."

"Na mkiisukuma mbele, muingie nayo ndani?"

Lornah alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo kanisani. "Nani atasukuma gari ya Owiti ipite geti ya Owiti, na yeye amekataa?"

Lango lile Owiti alilichomelea mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafa. Kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Wanaume sita wenye nguvu walilisukuma gari kurudi nyuma mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyepata wazo la kulisukuma hatua nne mbele. Mkaidi wa kawaida humsukuma. Marehemu mkaidi humpisha.

Aliyelielewa jambo hilo upesi kuliko wote ni Joram. Joram alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, asiyeinua sauti hata kwa ng'ombe aliye ndani ya mahindi. Gari lilipogoma mara ya kwanza alisema pole. Mara ya pili alisema hmm. Mara ya tatu aliweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa, na alipokiinua alisema, "Shemeji, mimi sina neno. Si mimi nasema. Ni gari ndiyo imesema."

Gari lilikuwa limesema nini, Joram alikuwa tayari kufasiri. Marehemu hapendi gari lake lizunguke na mjane aliyerudi mjini kuuza samaki kabla udongo haujakauka. Anataka likae nyumbani, chini ya mwanamume wa nyumbani. Wanaume wa nyumbani, ukiwahesabu vizuri, walikuwa mmoja. Jinsi gari linalokataa kuingia bomani linavyotaka kukaa ndani ya boma hilo, swali hilo halikuulizwa.

"Jumamosi ukoo inakaa," Lornah alisema. "Wakisema gari ibaki, itabaki. Mimi nitabisha na nani? Na gari?"

Elsie alifungua mlango wa dereva. "Swali moja, Mama. Ile injini ilizima yenyewe, ama wewe ndiyo ulizima?"

"Mimi nilizima."

"Mara zote tatu?"

"Naswa, taa zote zimewaka, mishale imelala, uko kwa geti ya marehemu. Hata wewe ungezima."

Basi shahidi wa kwanza wa Joram alikuwa ameanguka, lakini bado hapakuwa na ugonjwa. Elsie aliunganisha mashine ya kusomea magari, akaingojea. Magari ya siku hizi si kama yale ya zamani, ambayo kila taa ilikuwa na waya yake na kila waya na ukweli wake. Yana visanduku, kimoja cha injini, kimoja cha breki, kimoja cha dashibodi, kimoja cha kutambua ufunguo, ambacho kisiposikika injini haiwaki, na vyote huzungumza kupitia waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Owiti alipenda kuwaeleza wanafunzi hivi: ni familia yenye simu moja. Laini ikikatika, hakuna aliyekufa, ila kila mmoja anadhani wenzake wamekufa.

Mashine ilisema hivyo hivyo. Dashibodi ilimshtaki injini kwamba hapatikani. Injini ilimshtaki dashibodi. Breki iliwashtaki wote wawili. Mashtaka yote yalikuwa ya zamani, yamehifadhiwa, na wakati huo huo familia nzima ilikuwa ikizungumza kwa furaha pale Kibuye kana kwamba hakuna aliyewahi kununiana na mwenzake.

Akatenganisha betri, akapima kati ya waya mbili zile kwa mita. Omu sitini. Ndivyo inavyotakiwa: kuna kizuizi cha omu mia na ishirini kila mwisho wa laini, na ukivipima vyote viwili kwa pamoja unapata sitini. Aligonga dashibodi kwa kiganja, kipimo ambacho hakimo vitabuni lakini kimeponya magari mengi. Sitini. Akatikisa waya chini ya usukani. Sitini. Gari lilikuwa na afya kumshinda fundi.

"Niambie hiyo geti iko aje," Elsie alisema.

"Ni geti. Imepakwa rangi ya bluu."

"Chini yake."

"Chini kuna mtaro. Waliweka kalvati ikakaa upande. Joram alisema atajaza, tangu Owiti akiwa hai."

"Kwa hivyo ukiingia, mguu ya mbele kushoto inashuka, ya nyuma kulia inapanda."

"Gari inapinda mpaka mlango inalia."

"Na huko Usenge unaegesha wapi?"

"Juu, kwa lami. Samaki wanapandishwa."

Elsie alichukua jeki, akaiweka chini ya pembe ya nyuma, upande wa kulia, akaanza kuipandisha huku mita ikiwa juu ya kiti mahali anapoiona. Sitini. Sitini. Gurudumu liliacha ardhi, mlango ukalia, na mita ikaruka: mia na ishirini. Mwisho mmoja wa laini ulikuwa umepotea. Akashusha jeki. Sitini. Akapandisha. Mia na ishirini. Alifanya hivyo mara nne, na mbili za mwisho hazikuwa za uchunguzi, zilikuwa za raha tu.

"Inasema nini?" Lornah aliuliza.

"Inasema si Owiti."

Lornah aliketi juu ya tairi kuukuu, akalia. Hakulia kwa kujificha. Miezi minane alikuwa akikesha akijiuliza ni kosa gani alilomfanyia mume wake hata amfungie mlango mbele ya watu, na alikuwa amepata makosa kumi na moja. Elsie alimwacha alie, akaenda kung'oa kiti cha dereva.

Harufu iliyotoka chini ya zulia ilikuwa na historia. Ilikuwa miaka ya barafu iliyoyeyuka, damu ya mbuta, magamba, na kitu kingine ambacho hakikujitambulisha. Wakoli, fundi wa breki aliyekuwa akinywa chai kibanda cha pili, aliweka andazi lake chini. Elsie alifuata kifungu cha waya kando ya mlango kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka mahali ambapo plastiki ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akaifungua. Waya ya manjano ilikuwa imeoza, shaba imegeuka kijani, zimebaki nyuzi mbili tatu zikigusana kwa huruma. Gari likikaa sawa, ziligusana. Likipinda, ziliachana.

Na pembeni ya palipooza palikuwa na matone mawili madogo mekundu. Rangi ya kucha.

Elsie aliyatazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mwaka wake wa kwanza, Lornah alitaka taa ndogo nyuma ya gari ili aone samaki wake kabla hakujapambazuka, na Owiti alimtuma Elsie atafute waya yenye moto. Elsie aliingia na testa, kile kifaa chenye ncha ya sindano na kitaa kidogo. Akaitoboa waya ya manjano. Kitaa kikamemeta kidogo, kama mtu asiye na hakika. Akatoboa tena. Akatoboa mara ya tatu. Sheria ya Owiti ilikuwa moja: ukitoboa, ziba. Wenzake walifunga tepu. Elsie peke yake, katika uwanja mzima na pengine katika Kisumu nzima, alitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, kwa kuwa hukauka upesi na haibanduki. Owiti alimcheka wiki nzima, kisha akaanza kuwaambia wateja kwamba ni utaalamu mpya.

Matundu yalikuwa matatu. Matone yalikuwa mawili. Alikumbuka hata sababu: alikuwa ameitwa chai.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na wao hawakuwa wamesikia habari za waya. Tundu lisiloonekana kwa macho lilikuwa limenywa maji ya samaki miaka sita. Elsie aliona aibu, ile ya kweli. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa limemkalisha mwanamke huyu macho miezi minane.

"Umeona?" Lornah aliuliza kutoka kwenye tairi.

"Waya imeoza, Mama. Maji ya samaki."

Hakusema uongo. Alisema nusu. Alikata kipande kile, akaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, akaziba, akasokota upya kama inavyotakiwa, na ile nusu nyingine ya maneno akaitia mfukoni pamoja na kipande cha waya. Fundi wa Kibuye hana cheti ukutani. Ana jina, basi, na jina la fundi wa kike hushikiliwa kwa uzi mwembamba zaidi. Magari manne ya ukoo ule yalitengenezwa naye.

Jumamosi alikwenda pamoja na Lornah, awepo iwapo kitu kitatokea. Walipokaribia lango la bluu, Lornah alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili, akafumba jicho moja. Watu walikuwa wamesimama kutazama. Mama mzee, ambaye kijiji kizima kilimwita Min Owiti, yaani mama yake Owiti, alikuwa ameshikilia nguzo ya lango, amevaa nguo ya kanisani. Gari liliteremka mtaroni, likapinda, mlango ukalia, likapanda, likaingia. Hakuna mshale ulioanguka. Lilimpita mama mzee bila kusimama na kwenda kuegesha mbele ya nyumba.

Lornah alicheka peke yake, kicheko kidogo cha puani. Alikuwa bado anacheka Joram alipofika dirishani na kupiga makofi polepole, mara tatu, kama ishara ya shukrani.

"Ameipokea," Joram alisema.

"Nani amepokea nini?" Lornah aliuliza.

"Ndugu yangu amepokea gari yake nyumbani. Hata mtoto ameona. Sasa imefika, shemeji. Imefika."

Ikawa hivyo. Gari lililokataa kuingia lilikuwa la Joram kwa sababu lilikataa, na gari lililokubali kuingia lilikuwa la Joram kwa sababu lilikubali. Elsie alikuwa ametengeneza magari mengi maishani, lakini hakuwahi kutengeneza moja likamdhuru mwenye gari kiasi hicho.

Walikaa sebuleni, watu kumi na wanne na sofa za watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Oluoch, baba mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa amesikia harufu ya kuku kutoka jikoni na alitaka haki itendeke upesi. Joram alieleza kwa upole. Lornah akasema fundi yupo, aulizwe.

"Fundi, sema," alisema Mzee Oluoch. "Sema fupi."

Elsie alisimama. Alieleza visanduku, waya mbili, mtaro, kalvati iliyokaa upande. Alisema waya ilikuwa imeoza chini ya zulia, ikiachana kila gari linapopinda, na kwamba marehemu hakuhusika hata kidogo.

"Imeozeshwa na nini?" Joram aliuliza.

"Maji ya samaki."

Joram alitikisa kichwa kwa huzuni halisi. Ubaya wa Joram ni kwamba huzuni yake ilikuwa halisi siku zote. "Basi, wazee, tumeelewa. Si roho. Ni samaki. Ndugu yangu aliacha gari nzuri, na mama huyu ameozesha na maji ya samaki. Sasa nauliza tu, mimi sina neno. Gari ikiendelea kukaa na yeye, mwaka ujao tutakuta nini?"

Sofa zote zilinguruma kukubali. Lornah alimgeukia Elsie, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesukumwa na mkono alioutegemea.

"Na kwani gari zote za samaki hazina maji?" aliuliza mjomba mmoja mwenye gari la samaki. "Yangu iko na miaka kumi. Mbona hii?"

Mfukoni mwake Elsie alikishika kipande cha waya. Angeweza kuketi. Alijua vizuri sana kwamba angeweza kuketi, maana hakuna mtu ndani ya sebule ile aliyejua maana ya rangi nyekundu. Wa pekee ambaye angejua alikuwa amezikwa hatua thelathini kutoka pale.

"Kwa sababu mimi niliitoboa," alisema.

Akakitoa kipande, akamwekea Mzee Oluoch mkononi. Alimwonyesha matone mawili, akamwonyesha palipooza, mahali pa tundu la tatu. Alisema mwaka, alisema testa, alisema sheria ya Owiti, alisema chai. Alisema maji ya samaki hayawezi kuingia waya isiyo na tundu, hata ukiilaza ziwani. "Mama Lornah hakuozesha kitu. Na Mzee Owiti hakusimamisha gari. Ni mimi nilisimamisha, mara zote tatu. Nilikuwa mwanafunzi na nilisahau."

Mjomba mwenye gari la samaki, ambalo Elsie alilifanyia waya mwezi wa sita, alianza kutazama nje ya dirisha, kule lilikoegeshwa.

"Ni maneno tu," alisema Joram, bado kwa upole. "Mtu anaweza kubeba waya yoyote kwa mfuko."

Walitoka nje wote. Elsie aliwasha injini, akaingiza mkono chini ya usukani, akachomoa soketi moja ya laini ile. Mishale ikaanguka. Taa zikawaka zote, nyekundu na za manjano, na wazee wawili wakarudi nyuma hatua moja. Akarudisha soketi, akazima ufunguo, akawasha tena. Mishale ikapanda, taa zikatulia. Mzee Oluoch akaomba aone tena. Kisha akaomba afanye mwenyewe, akafanya, akamwita shemeji yake naye aje afanye. Marehemu aliitwa na kuachwa mara saba mchana ule, na kila mara alitii soketi.

Joram alikuwa wa mwisho kuinama dirishani. Alitazama taa zikiwaka na kuzimika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuonekana mpole, alionekana amechoka, mtu aliyekuwa na kaka mmoja. "Mtaro nitajaza," alisema, akaondoka kuelekea zizini.

"Basi," alisema Mzee Oluoch. "Gari haina mdomo. Ni huyu msichana alikuwa na tundu. Gari ibaki na mwenye anaendesha. Hiyo kuku imeiva?"

Wakaingia kula. Lornah alipita mbele ya Elsie bila kumwangalia, akafika mlangoni, akarudi.

"Makosa kumi na moja," alisema. "Nilihesabu kumi na moja, Naswa. Na yako ilikuwa moja, ukakaa nayo tangu Jumatano."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Si leo." Akaingia ndani.

Elsie alibaki kando ya gari akikusanya vyombo vyake. Alipoinua kichwa, Min Owiti alikuwa amesimama karibu naye. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemuuliza neno, ingawa sebuleni alisikia yote.

"Wewe ndiyo fundi," alisema mama mzee.

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo siku tatu. Hakuwa yeye?"

Elsie aliweka vyombo chini. "Hakuwa yeye, Mama. Ilikuwa waya."

Mama mzee alifikiri. "Wao wakisukuma gari kwa barabara, mimi nilikuwa nabaki pale kwa geti. Nilimwambia mambo yote. Ng'ombe imezaa. Paa inavuja. Joram na tamaa yake nilimwambia, akae akijua. Mara ya tatu nilimwambia hata ile nilikuwa sitaki kumwambia." Akaligeukia lango. "Kwa kaburi sijaenda hata siku moja. Niliona hakuna haja. Yeye ako kwa geti."

Elsie alikuwa amemrudishia mwanamke mmoja gari lake na kumnyang'anya mwingine mtoto wake, kwa soketi ile ile, saa ile ile.

"Sasa yale maneno," alisema Min Owiti, "nani alisikia?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna." Mama mzee alilipima neno hilo, kisha akanyoosha mkono. "Shika hapa. Nipeleke."

Walitembea hatua thelathini polepole, wakapita jikoni, wakapita kibanda cha kuku. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, saruji bado mpya, majani yameanza kuota pembeni. Min Owiti aliliangalia kwa muda, akasafisha koo, akaanza kuzungumza Kijaluo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu aliyechelewa kufika. Alianza na ng'ombe. Akafika kwenye paa. Alitaja jina la Joram, akalitaja tena. Kisha akaushika mkono wa Elsie kwa nguvu zaidi na kusema Naswa, na Elsie alijua Kijaluo cha kutosha kuelewa kwamba anashtakiwa kwa mwalimu wake, tundu kwa tundu, mpaka ile chai. Hakuutoa mkono. Alisimama wima akangoja mama amalize.